Tangi la Dawid Apollis

Tangu tulipomwacha Jumamosi iliyopita, Delmarie Apollis amesimama pale pale mlangoni mwa ghala la zamani, mkono kwenye komeo, mguu mmoja ndani. Tusimchoshe zaidi.

"Muisie," sauti ilisema kutoka gizani. "Usiingie."

Muisie. Kapanya. Hapa duniani ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita hivyo, na mtu huyo, Dawid Apollis, baba yake mzazi, alizikwa Grabouw wakati Delmarie bado ananyonya kidole.

Mguu ulirudi nje wenyewe.

Nyuma yake Tannie Siena aliangusha ndoo. Mama huyu, shangazi kwa heshima tu, alikuwa jirani yake, tena msaidizi wake wa pekee katika kazi ya mvinyo, kwa sababu kibarua mwingine yeyote pale shamba la Newelhoek hakukubali kukanyaga ghala lile.

"Umesikia?" Delmarie aliuliza.

"Mimi? Mimi sijasikia kitu," Tannie Siena alisema. "Na hicho ambacho sijakisikia kimekuita kwa jina lako la utotoni."

Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeshuka kutoka milimani ukafunika mashamba yote ya tufaha. Huwezi kuona mti wa tatu. Ndani ya ghala hakukusikika kingine ila zabibu zikichacha, mlio mdogo wa mapovu, kama watu wengi wakinong'onezana.

Msomaji, unakumbuka yaliyokuwa yakimtokea binti huyu tangu mavuno yaanze. Zabibu zikichacha, maganda hupanda juu yakajikusanya na kuwa blanketi zito. Lazima yashindiliwe kwa mchi mrefu yarudi chini kwenye maji yake, la sivyo yanakauka na mvinyo unaingia uchungu wa siki. Kila alfajiri Delmarie alipofika kushindilia, alikuta kazi imeshafanywa. Tena imefanywa vizuri, polepole, bila kuzipasua mbegu, kama inavyotakiwa kwa zabibu za Pinot zenye ngozi nyembamba kuliko kope la jicho.

Watu wa Newelhoek hawakuhitaji kuelezwa. Dawid amerudi kazini, walisema. Alifia kwenye tangi la kuchachia zabibu mle ghalani, sasa anadai lake.

Wakishusha sauti walisema na la pili: kwamba alifia mle kwa sababu alikuwa amelewa. Delmarie alikua na neno hilo. Shuleni walimwita Mtoto wa Tangi.

"Baba?" aliita.

Kitu kizito kilianguka juu ya mbao, puu, na ubao ukalia.

Delmarie aligeuka. "Tannie, mzimu hauna uzito."

"Usinifundishe mizimu saa hizi."

"Kuna mtu mle ndani."

Alitoa mshumaa mfukoni. Hutembea nao msimu wote. Zabibu zinapochacha hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, nzito, ambayo hulala sakafuni ikajaa taratibu mpaka kifuani. Ukiivuta kidogo unasikia kizunguzungu. Ukiivuta zaidi huna muda wa kusikia lolote. Delmarie aliufunga mshumaa kwenye fimbo, akauwasha, akaushusha kwenye ngazi za kuingilia. Haukufika chini. Ulizimika kama uliopulizwa na mtu.

"Nani amefunga madirisha?"

Tannie Siena alikunja aproni yake, akaikunjua.

"Tannie."

"Mimi. Jana jioni. Si ulilalamika mwenyewe kwamba baridi ya mwaka huu inazichelewesha zabibu? Nikasema nizifunike, kama watoto."

Delmarie hakungoja amalize. Alishaanza kupanda.

Ghala lile limechimbwa ubavuni mwa kilima. Chini kuna mlango mkubwa, na juu, upande wa mlimani, kuna mlango mdogo wa kumwagia zabibu moja kwa moja matangini. Mlango wa juu ulikuwa wazi. Delmarie alijilaza kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, akachungulia.

Chini yake palikuwa na tangi la kwanza, la saruji, limejaa maganda mekundu mpaka karibu na ukingo. Juu yake ubao. Juu ya ubao mtu amelala kifua, mikono inaning'inia, na mchi unaelea peke yake.

Mtu huyo alikuwa amevaa aproni ya manjano.

Aproni ile ilikuwa ya Dawid. Ilining'inia kwenye msumari wake tangu siku ya msiba, na hakuna mkono wa mtu ulioigusa, hata wa Delmarie mwenyewe.

Alitaka kuita tena, Baba, na angeita, lakini ukungu uliingia kwa mlango wa juu, ukapita, ukamwachia mwanga. Akaona nywele za mvi. Akaona shingo pana, nyekundu, iliyochomwa na jua la miaka.

"Ni Bwana Gerhard," alisema.

"Gerhard yupi?" Tannie Siena alifika akihema.

"Tuna Gerhard wangapi?"

Gerhard Truter, mwenye shamba. Ndiye aliyempa Delmarie ghala hili alitumie bila kumuuliza maswali, na ndiye ambaye hajawahi kulisogelea. Delmarie akitaka kumwonyesha jambo, mzee yule huzungumza akiwa ndani ya pikapu yake, injini inanguruma, macho kwenye barabara.

Tannie Siena alichungulia, akajiondoa haraka. "Basi mzimu wetu ana pikapu."

"Lete kamba."

"Hushuki." Alimshika Delmarie kwa nyuma ya ovaroli. "Hushuki, mtoto. Baba yako alishuka na mwili wake wote ule, na hakupanda."

"Baba yangu alianguka."

"Ndivyo tulivyoambiwa."

Delmarie alimtazama, lakini muda wa kuuliza haukuwepo. Palihitajika hewa. Madirisha yanafungukia ndani, upepo umekufa, ukungu umekaa. Mgongo wa Gerhard ulipanda mara moja, kidogo sana, ukashuka. Kilichombakiza hai ni ile hewa haba iliyoshuka kwa mlango wa juu.

Ndipo macho yake yakaangukia banda la trekta.

Lilikuwepo mle trekta, na nyuma yake mashine ya kunyunyizia miti ya tufaha, yenye feni kubwa kuliko meza ya kulia chakula. Feni ile ikifunguliwa inainamisha matawi ya safu nzima ya miti. Ukiielekeza kwenye mlango wa chini, itaifukuza hewa mbaya itokee juu.

Delmarie alipiga hatua, akasimama.

Mashine ile ilikuwa imenyunyizia dawa ya kuua kuvu kiangazi chote. Mdomo wake ulikuwa mweupe kwa dawa iliyogandia. Tangi la pili halikuwa na shida, zabibu zake zilikuwa bado zimelala baridi chini ya turubai. Lakini tangi la kwanza lilikuwa uchi. Na tangi la kwanza ndimo zilimokuwa zabibu za kile kipande cha juu mlimani, cha baridi kuliko vyote, ambacho huiva mwisho, ambacho Dawid Apollis alikipanda mche mmoja mmoja kwa mikono yake. Mvua ya mavuno ilikuwa imeozesha sehemu kubwa. Kilichobaki chote kilikuwa mle.

"Utauua mvinyo," Tannie Siena alisema taratibu.

Delmarie alisita. Siwezi kumsafisha mbele yako, msomaji. Alisimama kwenye majani mabichi, mtu anakata roho chini yake, na alisita.

Kisha akakimbia.

Trekta lilikohoa, likakataa, likakohoa tena, likawaka. Alilirudisha kinyumenyume mpaka kwenye mlango wa chini, mabawa ya mlango yakiwa wazi, akafungua feni yote. Ghala liliunguruma. Vumbi jeupe likatoka mdomoni mwa mashine likaingia ndani kama moshi. Madirisha yaligongagonga, mitandao ya buibui ikang'oka, na kule juu kilimani nyasi zilizouzunguka mlango mdogo zikaanza kulala kuelekea nje.

Alipanda tena juu. Leso yenye maji usoni, kamba kiunoni.

"Nikilegea, vuta."

"Ukilegea nitakuvuta halafu nitakupiga," Tannie Siena alisema, akajizungushia kamba mgongoni.

Ngazi ya kushukia tangini ilikuwa inateleza. Chini, upepo wa feni ulimpiga macho yakamtoka machozi, na kupitia leso alisikia harufu mbili: zabibu, na dawa. Alimgeuza Gerhard. Midomo yake ilikuwa na rangi ya maganda. Alimzaba kofi, hakuamka. Alimzaba la pili, kwa sababu ambazo hakuzichunguza.

Jicho moja likafunguka.

"Shika ngazi," Delmarie alipiga kelele. "Shika."

Mikono ya mzee ilishika. Miguu ilikataa. Basi Delmarie akaingiza bega lake chini yake, akakaza meno, akasukuma. Ngazi hadi ngazi, uzito wote wa mwenye shamba ukiwa shingoni pake, mpaka Tannie Siena, aliyenyanyua makreti ya tufaha tangu ujana wake, akaupata ukosi wa koti na kumtoa kama anavyotolewa ndama.

Walimlaza kwenye nyasi. Alitapika. Kisha akalala chali akitazama ukungu, na kitu cha kwanza alichosema kiliwafanya wale wanawake watazamane.

"Bega," alisema. "Hivyo hivyo. Bega lile lile."

Delmarie alijifungua kamba. "Kwa nini umeniita Muisie?"

"Ulikuwa unaingia. Kichwa kilikuwa kimeshaanza kunizunguka. Nilitaka usimame, nikakosa neno jingine."

"Jina hilo umelitoa wapi?"

Gerhard alifumba macho.

"Mjibu mtoto wa watu," Tannie Siena alisema.

"Kwake mwenyewe. Alikuwa analitaja alipokuwa ananisukuma. Kila ngazi, Muisie. Kila ngazi, Muisie. Kama mtu anayejikumbusha kitu."

"Anakusukuma wewe?"

"Mimi ndiye niliyekuwa tangini, Delmarie. Si yeye. Nilikuwa kijana, nimekunywa tangu mchana, nikataka kuwaonyesha wenzangu kwamba naweza kutembea juu ya ubao. Wao walicheka, kisha wakakimbia. Dawid aliingia peke yake."

Feni ilikuwa bado inaunguruma kule chini. Hakuna aliyekumbuka kwenda kuizima.

"Na mlevi akawa yeye," Tannie Siena alisema. Alikaa chini, kwenye tope, bila kutazama anakaa wapi. "Mimi nilimwimbia makaburini nikiwa nimemkasirikia. Nilimwambia jenezani, Dawid, umemwacha mkeo Katriena na mtoto kwa ajili ya chupa."

Delmarie hakulia. Alikuwa anasikia uwanja wa shule, mchana wa joto, sauti za watoto. Mtoto wa Tangi. Mtoto wa Tangi, baba yako alikuwa mtamu?

"Na kila alfajiri ni wewe," alimwambia Gerhard.

"Nilidhani ukilifungua ghala nitapona. Lakini zabibu zikianza kuchacha silali. Nasikia mchi. Nikiwa kitandani, dirisha limefungwa, mke wangu amelala, nausikia unashindilia. Nikija nikaushika mimi mwenyewe, unanyamaza."

"Na aproni?"

Alijitazama kifuani. Alishtuka, kana kwamba ni sasa tu ameiona. "Sijui nimeivaa saa ngapi," alisema.

Tannie Siena alijisogeza nyuma kwenye tope.

Delmarie alishuka akazima feni. Aliingia kwa mlango wa chini, mshumaa mbele, na safari hii ulibaki unawaka. Alichota kikombe kutoka tangi la kwanza, akakitoa nje kwenye mwanga.

Watu waliozoea mvinyo wa Paarl na mabonde ya joto huucheka huu. Wao wanataka mweusi, mzito, unaopaka ulimi rangi. Wa Newelhoek unakuwa mwepesi kama maji ya rozela. Ukiweka vidole nyuma ya kikombe unaviona vyote. Ukiunusa upesi utasema hauna kitu. Ukiutulia, unakuja kidogo kidogo: zambarau ambazo hazijaiva sawasawa, waridi, majani ya chai, kisha udongo wa msituni baada ya mvua, uyoga, moshi wa mbali. Una ukali kidogo, wa kukufanya umeze mate utake tena. Zabibu zilizokaa mtini muda mrefu kwenye baridi, zikiiva kwa shida, hutoa kitu hicho. Zilizoivishwa haraka na jua haziwezi.

Delmarie alikinusa kikombe chake. Vyote vilikuwemo. Ulikuwa mvinyo mzuri kuliko wowote aliowahi kuugusa.

Na nyuma yake, nyembamba, kama kovu chini ya poda, kulikuwa na dawa.

Tannie Siena alinusa naye. "Mimi sisikii kitu."

"Leo asubuhi pia hukusikia kitu."

"Uuchanganye na wa tangi la pili. Uuchanganye na wa watu wengine huko bondeni. Nani atajua?"

"Ungekuwa mweusi, mzito, ningeufunika," Delmarie alisema. "Huu hauna pa kuficha. Utakaa chupani miaka, na kila mwaka dawa itazidi kusogea mbele. Tena ni sumu, Tannie. Watu watakunywa."

"Ni kipande cha baba yako chote."

"Najua ni cha nani."

Chini ya tangi, upande wa nje, kuna kilango cha chuma cha kutolea maganda. Alikipiga kwa nyundo. Kiligoma. Akakipiga tena kwa nguvu ambayo haikuhitajika, na tena, mpaka kikaachia, na tangi la Dawid likaanza kumwagika. Lilimwagika kwa sauti, likachimba njia kwenye kokoto, likateremka kuelekea miti ya tufaha, jekundu kwenye weupe wa ukungu, likitoa mvuke.

Wote watatu walisimama wakalitazama, Gerhard ameshikilia ukuta.

"Baba yako, Mzee Truter, alikuwa na moyo wa jiwe," Delmarie alisema mwishowe. "Kuokolewa mtoto wako, halafu ukatangaza kwamba aliyemwokoa ni mlevi."

"Baba yangu hakutangaza kitu."

"Usimtetee."

"Simtetei. Alikuwa mwoga. Aliogopa polisi, aliogopa magazeti, akajifungia chumbani. Nilipopata fahamu niliambiwa Dawid hakutoka tangini, na kwamba shamba zima limeshajua alikuwa amelewa. Nilimuuliza baba, nani kasema? Akaniambia, neno limetoka kwao wenyewe."

"Kwao nani?"

Gerhard alikuwa anatazama kule mto mdogo mwekundu ulikokuwa unaelekea, kwenye njia itokayo nyumba za wafanyakazi.

Mtu alikuwa anapanda. Alikuja kando ya ule mfereji bila haraka, shali mabegani, viatu vya kanisani miguuni ingawa ilikuwa siku ya kazi. Ma Katriena, mama yake Delmarie, hajalisogelea ghala lile tangu alipokuwa mjane. Njia ya dukani inapita hapa, yeye huzunguka.

"Nimesikia trekta," alisema. Aliutazama mvinyo. "Nani ameufungulia?"

"Mimi," Delmarie alisema.

"Wa kule juu?"

"Wa kule juu."

Ma Katriena alitikisa kichwa polepole, kama aliyepewa habari za mgonjwa. Kisha akamwona Gerhard, na aproni aliyovaa, na uso wake ukafunga.

"Ma," Delmarie alisema. "Nani aliwaambia watu kwamba Baba alikuwa amelewa?"

Mama hakumgeukia. "Umemweleza nini?" alimuuliza mwenye shamba.

"Ninachokijua, Katriena. Kwamba alinitoa mimi, yeye akabaki."

"Akabaki."

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Uliambiwa na nani? Wewe ulikuwa umelala kama mzoga." Alisema bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba kitu na anatafuta pa kukiweka. Alinyanyua pindo la gauni, akauvuka mvinyo kwa hatua moja ndefu, akaja akasimama mbele ya binti yake.

"Neno lilikuwa langu," alisema. "Mimi ndiye niliyewapa. Na ningewapa tena."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba yako hakufia humu, Delmarie. Jioni ile alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, maganda ya zabibu kwenye nywele. Nilimpakulia maharage na mkate. Alikula, akaniomba nimwongezee."

Mengine Jumamosi ijayo.